Mlinzi wa Viatu Ajifunza Kuelea

Asubuhi bado ni changa, na mwoka mikate amesimama ndani ya bwawa katikati ya ua wake, maji yakimfika kiunoni. Amevaa nguo zake zote za kazini: suruali nyeupe, shati jeupe lililofungwa vifungo hadi shingoni, na kofia. Unga uliokuwa umejificha kwenye mishono unatoka taratibu na kuelea kando yake kama wingu dogo lililopotea njia.

Hatua chache kutoka hapo, mama mkwe wake amekaa kwenye kiti cha plastiki. Amempa mgongo. Anatazama ukuta ambao hauna lolote la kutazamwa, na mapajani amepakata ungo wa mchele anaouchambua.

“Anza,” anauambia ukuta.

Mwoka mikate anavuta pumzi, anajilaza kifudifudi juu ya maji, na kuanza kupiga mikono na miguu. Maji yanaruka hadi kwenye kamba ya nguo. Paka wa jirani, aliyekuwa amelala juu ya ukuta, anahama.

“Nasikia unakanda,” anasema mama mkwe bila kugeuka. “Mimi sikukwambia ukande, baba. Nilikwambia uogelee.”

Hivi ndivyo masomo ya kuogelea yanavyoendeshwa katika nyumba hii. Mwanafunzi amevaa kamili, mwalimu amegeuka, na kila kosa linakamatwa kwa sikio.

Mwenye bwawa hili ana miaka arobaini na mitatu, na kwa miaka kumi na saba amekuwa akioka mikate katika kiwanda kidogo chenye matanuri mawili na feni moja. Feni hiyo, anasema, kazi yake ni kuchukua joto la tanuri la kwanza na kulipeleka kwa watu wa tanuri la pili. Anaingia kazini watu wengine wakienda kulala, na anarudi nyumbani wakati watoto wanatafuta soksi za shule. Mshahara unatosha kodi, ada na chakula. Kinachobaki, kwa maneno yake mwenyewe, “kinabaki kwa jina tu.”

Mtu akimwona amesimama uani na nguo zinazochuruzika, anaweza kudhani ni mtu aliyepata fedha akapoteza akili. Ukweli ni mzito zaidi, na unahusu viatu.

Kila mwaka mwenye kiwanda huwapeleka wafanyakazi ziwani kwa siku moja ya mapumziko. Kuna sehemu ya kuogelea iliyozungushiwa kamba, kuna mwokoaji mwenye filimbi, na ndani kidogo kuna jukwaa la mbao linaloelea. Waokaji wote huogelea hadi kwenye jukwaa hilo, hupanda, husimama kwa madaha, kisha hurudi. Wote isipokuwa mmoja. Huyo mmoja hubaki ufukweni, na kwa kuwa amebaki, huachiwa viatu.

Lazima isemwe kwa haki kwamba kazi hiyo aliifanya kwa heshima kubwa. Alivipanga viatu kwa ukubwa, akavigeuza vyote vielekee upande mmoja, akavifunika jua likizidi. Katika miaka yote hiyo haikupotea hata kamba. Wenzake wakampa cheo cha Mlinzi wa Viatu, na jina likamganda hadi kiwandani. Hata msimamizi wa zamu, akitaka tanuri lifunguliwe, huita, “Mlinzi, toa mikate.”

“Nilikuwa sijali,” anasema mwoka mikate. “Jina ni jina. Kuna mwenzetu anaitwa Kijiko na anaishi vizuri.”

Mambo yakageuka mwaka jana, mwenye kiwanda aliporuhusu familia zije pia. Kitinda mimba wa mwoka mikate, msichana wa miaka saba, alimkuta baba yake amekaa katikati ya viatu vya kiwanda kizima, akastaajabu. Akamuuliza kama viatu vyote hivyo viko chini yake. Baba akajibu kwamba kwa namna fulani ndiyo. Jumatatu iliyofuata darasa zima lilitangaziwa kwamba baba yake ni mkubwa wa viatu.

“Alikuwa anajivunia,” anasema, akijikuna chini ya kofia. “Hapo ndipo paliponiuma. Angenicheka ningevumilia. Nikasema, mwakani mtoto huyu ataniona nimesimama juu ya lile jukwaa. Nitampungia mkono kutoka kule.”

Alitamka hayo mbele ya tanuri, na mbele ya msimamizi wa zamu, ambaye ni mtu wa kukumbuka vitu. Kesho yake kiwanda kizima kilikuwa kinajua. Kurudi nyuma kukawa hakuna.

Mabwawa ya kuogelea ya mjini yanafunguliwa saa ambazo yeye amelala, na yanafungwa saa ambazo amekwisha ingia kazini. Basi akafanya zamu za ziada miezi mitano, akaenda kwenye duka la vyombo vya nyumbani, na akarudi na boksi kubwa lililobebwa kwenye mkokoteni. Ndani yake mlikuwa na fremu za chuma, turubai zito la bluu na pampu ndogo ya kuchuja maji. Lilikuwa bwawa la bei ya chini kuliko yote, la kusimamisha juu ya ardhi bila kuchimba, na bado lilimeza zaidi ya mshahara wa mwezi. Juu ya boksi palikuwa na picha ya familia ya watu wanne wakicheka majini. Miongoni mwao hapakuwa na mama mkwe.

Hilo lilikuwa la kuangaliwa mapema, lakini nani huangalia.

Kwanza kulikuwa na tatizo la mlango. Bwawa lilisimamishwa, likanyooshwa, likajazwa kwa mpira wa maji kutwa nzima, na ndipo ilipogundulika kwamba mlango wa jikoni hufungukia nje. Tangu siku hiyo unafunguka nusu. Mke wake, ambaye ni msusi na mwanamke wa umbo kubwa, asiyepanga kumwomba mtu radhi kwa hilo, hutoka jikoni kiubavu. Masufuria makubwa hupitia dirishani.

“Nilimuuliza kama alipima,” anasema mke. “Akaniambia alipima kwa macho. Nikamwambia macho yenyewe yalikuwa yametoka kazini.”

Mama mkwe, ambaye anaishi nao tangu alipofiwa na mumewe, alilizunguka bwawa mara moja, mikono nyuma, kama mkaguzi. “Maji yote haya,” akasema, “na hakuna hata samaki.” Akaingia ndani.

Ndipo ilipojitokeza dosari kuu. Mwanamume mwenye adabu zake hawezi kukaa kifua wazi mbele ya mama mkwe. Hilo halina mjadala, na mwoka mikate ni mtu wa adabu hadi kwenye kucha. Mama mkwe naye hakuwa na safari. Alikuwepo asubuhi, alikuwepo mchana, na jioni alikuwepo zaidi. Mwenye bwawa alikuwa amenunua bwawa asiloweza kuingia.

Wengine waliingia bila shida. Watoto wake waliingia, watoto wa jirani wakaingia, mke akaingia Jumapili na maji yakapanda hadi ukingoni. Wote walivua ndala na kuziacha kando, na kwa kuwa mtoto mmoja alikuwa na tabia ya kuondoka na za mwenzake, ilibidi mtu mzima azikalie macho.

“Siku moja nikajikuta nimezipanga kwa ukubwa,” anakumbuka mwoka mikate. “Nikasimama pale uani, nikajiuliza, hivi nimelipa pesa zote hizi ili cheo kinifuate nyumbani?”

Pengine angeuza bwawa kama si mkasa wa hamira.

Muuza duka alikuwa amemshauri atie magadi soda kidogo, ili maji yasiwachome watoto macho. Mwoka mikate akaleta nyumbani makopo mawili: moja la magadi, jingine la hamira, kwa ajili ya mkate wa Jumapili. Kiwandani hakuna anayenusa kopo. Kifuniko cha bluu ni magadi, chekundu ni hamira, na sheria hiyo ina nguvu kuliko msimamizi wa zamu. Lakini nyumbani kifuniko kimoja kilikuwa kimepinda, na mke, kwa nia njema kabisa, akavibadilisha.

Mume alirudi alfajiri moja macho yakifumba yenyewe, akaona bluu, akamimina kopo zima bwawani, akaenda kulala. Watoto nao walikuwa wamefanya sherehe majini siku iliyotangulia, na kiasi kikubwa cha sharubati ya machungwa kiliingia majini badala ya kuingia matumboni. Juu ya yote hayo jua likawaka kutwa.

Alasiri maji yakaanza kutoa povu. Harufu ya mkate unaoumuka ikajaa uani, ikapita chini ya mlango wa chumba cha kulala, na ikamfikia mwoka mikate usingizini. Mwili wake, uliofunzwa kwa miaka kumi na saba, ukajua la kufanya. Aliinuka, akavaa nguo za kazi, akachukua mfuko wake, na alikuwa amekwisha shika komeo la geti kabla mkewe hajamuuliza anakwenda wapi mchana wote huu.

“Nimechelewa,” akasema. “Unga umeshaumuka.”

Mama mkwe alitoka, akalitazama bwawa lililojaa povu hadi pembeni, akamtazama mkwe wake aliyevaa kofia. “Sawa, baba,” akasema kwa upole mkubwa. “Sasa hili tutaliingiza tanuri gani?”

Maji yalimwagwa. Mtaa ulinukia mkate siku mbili, na mtu mmoja alibisha hodi kuuliza kama wamefungua duka. Lakini jambo jipya lilitokea wakati wa kusafisha. Mama mkwe alichukua brashi mwenyewe, akaingia ndani ya turubai, akasugua kila pembe. Aliagiza maji yajazwe hadi wapi na pampu ielekezwe upande gani ili maji yazunguke. Hakuna aliyemwomba. Mke alipomuuliza ameyajulia wapi, alisema tu kwamba yeye na maji si wageni.

Wiki iliyofuata umeme ulikatika kiwandani na waokaji wakaruhusiwa mapema, ndio kwanza kunapambazuka. Mwoka mikate akafungua geti lake bila kupiga hodi, kama mtu anayefungua geti lake, na akamkuta mama mkwe wake amelala chali juu ya maji. Alikuwa amevaa gauni lake refu la nyumbani. Macho ameyafumba, mikono ameiachia, amelala kwa raha kama mtu aliye kitandani kwake siku ya mapumziko. Maji hayakuwa na hata kiwimbi.

Mkwe akarudi kinyumenyume. Akafunga geti bila sauti, akasimama nje akisoma matangazo ya mafundi bomba yaliyobandikwa ukutani, yote, mara kadhaa. Kisha akakohoa kwa nguvu, akapiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe, akasubiri. Alipoingia, mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kitambaa kikavu kichwani, na gauni linachuruzika.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, baba. Leo mapema.”

“Umeme umekatika, Mama.”

“Haya.”

Mkwe akaenda kulala. Lakini usiku huo mwoka mikate alikanda unga akiwa na jambo moja kichwani: mtu pekee anayeweza kumfikisha kwenye jukwaa anaishi chumba cha pili kutoka chake, naye ndiye mtu pekee asiyeweza kumwomba.

Suluhu ilipitia kwa mke, ambaye kwa siku nne alibeba maneno kutoka chumba hadi chumba, kiubavu pale ilipobidi. Mume akauliza kama Mama anaweza kufikiria. Mama akajibu kwamba kufikiria hakumshindi, lakini mkwe ni mkwe. Mume akasema ataingia amevaa kamili. Mama akasema hata akivaa koti, nguo zikilowa ni hadithi nyingine. Mwishowe Mama mwenyewe akatoa uamuzi, na mke anaukumbuka neno kwa neno.

“Mwambie maji yana sauti. Sina haja ya kumwona.”

Mama mkwe alikulia kando ya mto, na shule ilikuwa ng’ambo. Yeye na nduguze walivuka kila asubuhi wakiwa wamefunga sare za shule vichwani. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa, na ndiye aliyetangulia. “Anayetangulia haoni walio nyuma,” anaeleza sasa, akiendelea kuchambua mchele. “Anawasikia. Nilikuwa najua nani amechoka na nani anacheza, bila kugeuza shingo. Huyu baba watoto ni rahisi. Anasikika kama ng’ombe anayevuka.”

Masomo yakaanza. Kwa kuwa bwawa ni dogo, kipimo cha umbali kisingewezekana, basi Mama akaleta chake. Mwanafunzi anazunguka bwawani, pembe kwa pembe, mpaka mwalimu amalize kuchambua mchele. Alianza na mchele wa kikombe, akashindwa na kusimama akikohoa. Akaja kuweza mchele wa watoto. Sasa anapambana na mchele wa nyumba nzima. Mama aliwahi kumuuliza bintiye jukwaa la ziwani liko mbali kiasi gani, akasikiliza, akakadiria. “Hapo ni ungo mmoja,” akasema, “wenye mawe mengi.”

Shida kubwa haikuwa nguvu. Mikono iliyokanda unga miaka kumi na saba ina nguvu ya kuhamisha kabati. Shida ilikuwa kwamba aliyapiga maji kana kwamba yanamdai. Kuzama kwenye maji ya kiunoni kunahitaji juhudi, na yeye juhudi alikuwa nazo. Ndipo Mama akasimamisha mambo ya mikono, akamwagiza jambo moja tu: alale chali, asifanye chochote.

“Chochote, Mama?”

“Unga ukishaukanda unafanyaje?”

“Naufunika. Nauacha.”

“Jiache.”

Kilichofuata anakisimulia mke, aliyekuwa dirishani akipokea sufuria. Mume wake alijilaza. Alizama kidogo, akapanda. Masikio yakaingia majini, mabega yakashuka, na kofia ikamponyoka ikatua tumboni. Kisha uani pakawa kimya.

Mama aliacha kuchambua mchele. “Baba?” akaita.

Akapaza sauti.

“Baba?”

Mtu mwenye masikio ndani ya maji hasikii. Mama akainua kichwa, akashika ungo kwa mikono miwili. Mke anasema alimwona mama yake akihangaika nafsini kwa muda ambao kwa saa ulikuwa mfupi sana. Halafu akageuka.

Mkwe wake alikuwa amelala chali katikati ya bwawa, macho ameyafumba, mikono ameiachia, anatabasamu peke yake. Maji hayakuwa na hata kiwimbi.

Mama akamtazama mara moja. Akaugeukia tena ukuta, akaketi sawasawa, akaendelea na mchele. Mwoka mikate alipokuja kusimama, akipangusa uso na kuuliza kama ilikuwa sawa, alimkuta vilevile alivyomwacha.

“Mimi nitajuaje,” akasema Mama. “Sikusikia kitu.”

Tangu siku hiyo, anasema mwoka mikate, maji yaliacha kumdai.

Sasa safari ya ziwani ni Jumamosi ijayo. Ziwani hatavaa nguo za kazini. Amenunua kaptura ya kijani ambayo mkewe ameiona na kuomba muda wa kuizoea. Kiwandani wameanza kuulizana, nusu kwa utani na nusu kwa wasiwasi, nani atakaa na viatu. Msimamizi wa zamu amesema cheo hakiwezi kubaki wazi. Kitinda mimba naye analala na swali hilo, maana anatamani kumwona baba yake juu ya jukwaa, lakini hataki kazi ya familia iende kwa mtu baki.

Asubuhi hii amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, sare ya shule mwilini, na anauliza tena. Baba yake yuko kwenye pembe ya tatu ya bwawa na hana pumzi ya kujibu. Anajibu bibi.

“Viatu nitalinda mimi,” anasema, na kutupa kijiwe. “Baba yako akiwa na kaptura ziwani, mimi lazima niyape maji mgongo. Viatu vitakuwa huko huko nitakakokuwa natazama.”

Msichana anafikiri, anaridhika, kisha anataka kujua kama itakuwa hivyo kila mwaka.

“Mwaka huu tu. Mwakani mtafute mlinzi mwingine.” Bibi anapeta mchele mara moja, makapi yanaruka. “Mwakani nitaingia mimi, na yeye ndiye atakayegeuka.”

Nyuma yake, mwoka mikate amesikia. Amesimama katikati ya maji, kofia inachuruzika, anacheka bila sauti ili asikosee adabu, na kwa mara ya kwanza anampungia binti yake mkono, kwa mazoezi.

“Nasikia umesimama, baba,” ukuta unaambiwa. “Mchele haujaisha.”